The Yakuza (1974): hivi mwisho wa muvi nani alikuwa anamdai nani?

#1 Kisiki Hai
Wakuu salaam. Nimeirudia The Yakuza ya Sydney Pollack na kuna kitu bado kinanisumbua, nataka tukijadili kwa kina.

Kwa wasioijua, Robert Mitchum kacheza kama Harry Kilmer, mpelelezi mstaafu ambaye baada ya vita kuu ya pili alikuwa askari wa Marekani pale Tokyo, kipindi kile Wamarekani wanaikalia Japani (1945 mpaka 1952). Huko alimuokoa mwanamke anaitwa Eiko na binti yake mdogo Hanako, akampenda, akataka amuoe, mama wa watu akakataa na sababu hasemi. Baadaye kaka yake Eiko, Tanaka Ken, akarudi kutoka vitani, alikuwa kajificha porini miaka kadhaa hajui kama vita vimeisha, anafika anakuta dada yake anaishi na adui. Roho ikamuuma vibaya lakini hawezi kumgusa yule Mmarekani kwa sababu ndiye aliyewaokoa dada na mtoto, kwa hiyo tayari ana deni kwake na deni lenyewe halilipiki. Akaondoka, akaingia kwenye yakuza (magenge ya wahalifu ya Japani), na Eiko hamsemeshi tena.

Miaka ishirini na kitu mbele, rafiki wa Kilmer anaitwa Tanner, mfanyabiashara, binti yake katekwa na bosi wa yakuza anaitwa Tono kwa sababu ya dili la silaha. Tanner anamuomba Kilmer aende Japani akamshike Ken kwa lile deni. Ken ameshaacha yakuza, anafundisha kendo (mchezo wa upanga wa Kijapani) Kyoto, lakini anakubali. Kuanzia hapo ni damu. Na mwishoni ndo tunajua Ken sio kaka wa Eiko, ni MUME wake, na Hanako alikuwa mtoto wao, na Hanako mwenyewe kashauawa.

Halafu Kilmer anakata kidole chake anampa Ken, ile namna ya yakuza ya kuomba radhi. Sasa swali langu, kama mwenye deni muvi nzima ni Ken, imekuwaje akate Kilmer? Mimi nasema Kilmer hakuwa anadaiwa chochote, alilitafuta lile deni kwa nguvu kwa sababu hakutaka kuondoka Japani mikono mitupu.

#2 Jirani Mwema
Mkuu umetusimulia mpaka mwisho, sisi tusioitazama tubaki na nini? Anyway natupia jicho, linki mwenye nayo aweke.

#3 JembeNaNyundo
Hii muvi ya Paul Schrader ni kali sana lakini tuseme ukweli, ni Mzungu anajifundisha uaminifu kwa kutumia Wajapani kama mapambo. Mwisho wa siku stelingi ni Mmarekani na yeye ndo anaonekana ana heshima kuliko wenye nchi.

#4 Mkaguzi
Naweka sawa kwanza. Dairekta ni Sydney Pollack kama mleta uzi alivyosema. Paul Schrader ni mwandishi, stori ilitoka kwa kaka yake Leonard ambaye alikuwa anaishi Japani anafundisha Kiingereza, halafu skripti ikapitiwa tena na Robert Towne. Japani ilitoka mwishoni mwa 1974, Marekani ikaingia Machi 1975, ndo maana mtaona wengine wanaandika 75.

Na hilo la mapambo @JembeNaNyundo sikubaliani nalo. Ken Takakura pale sio mtu wa kuchukuliwa barabarani. Huyu alikuwa ndo sura ya muvi za yakuza za kampuni ya Toei miaka ya 60, ile Abashiri Bangaichi ya 1965 ndo ilimpaisha. Mjapani aliyekata tiketi 1974 alikwenda kumuangalia Takakura, huyo Mitchum alikuwa mgeni mwalikwa tu.

#5 JembeNaNyundo
Sawa kwenye majina, ila hoja yangu iko palepale. Angalia nani anabaki na sini ya mwisho.

#6 BintiMakorora
Asante kwa uzi. Mimi naona wote mnahesabu madeni ya wanaume tu. Eiko je? Mume kaenda vitani, anajua kafa, mtoto mgonjwa, mji umeungua, anaokolewa na askari wa kigeni, anaishi naye, lakini ndoa anakataa kwa sababu moyoni bado ni mke wa mtu. Mume anarudi, na badala ya kusema huyu ni mke wangu anasema huyu ni dada yangu, ili yule Mmarekani asijue amelala na mke wa mtu na asidhalilike. Eti heshima! Halafu anamwacha huyo mwanamke anaendesha baa peke yake miaka yote ile, na baa yenyewe imeitwa Kilmer House. Kila jioni anawasha taa yenye jina la mwanaume mmoja huku mume wake yuko Kyoto hampigii hata simu. Nani alimlipa yeye?

#7 Kisiki Hai
@BintiMakorora hapo umenigusa, hiyo ya baa sikuwahi kuiwaza hivyo.

#8 Nagoya Boy
Habari za huko. Niko Japani kikazi muda sasa na nataka niseme kitu kuhusu hili deni maana watu wanadhani ni mambo ya panga na tatuu. Wenyewe wanaita giri na iko kwenye maisha ya kila siku kabisa. Jirani yangu alifiwa na mzee wake, mwenzangu kazini akanifundisha jinsi ya kwenda. Unanunua bahasha maalumu ya msiba, ina nyuzi nyeusi na nyeupe, unaandika jina lako na kiasi ulichoweka, na noti zisiwe mpya zinazong'aa maana itaonekana kama ulishajiandaa mtu afe. Mlangoni kuna watu wanapokea na kuandika. Baadaye kidogo nikaletewa zawadi nyumbani, chai na taulo, thamani yake kama theluthi au nusu ya nilichotoa. Yaani ni daftari la rambirambi la kwetu kabisa, tofauti ni kwamba kule wanarudisha sehemu hapohapo na nyingine inabaki inakusubiri wewe ukifiwa.

Sasa ukishaishi hivyo unaielewa tabu ya Ken. Vitu vidogo vina kipimo chake, taulo kwa bahasha. Ila mtu kakuokolea mke na mtoto, utamrudishia nusu yake kwa kitu gani? Hakuna. Kwa hiyo Kilmer alipokuja kuomba msaada ni kama alimfanyia Ken hisani, alimpa njia ya kulipa. Ndo maana Ken hakuuliza hata ni kazi gani.

#9 Mnairobi
@Nagoya Boy hiyo sasa ni comment ya maana, pokea heshima. Lakini ukisema Kilmer alimfanyia hisani mimi nakataa. Kilmer alijua kabisa Ken hawezi kusema hapana, na akaenda hivyohivyo. Hiyo ni kumbana mtu. Kuna ile sini Dusty, yule kijana Mmarekani, anamuuliza Ken kuhusu giri, kijana anadhani ni wajibu tu wa kawaida, Ken anamwambia ni mzigo, tena mzigo mgumu kuliko yote kuubeba. Mtu anayekwambia hivyo hajafurahia hisani yako.

#10 Wa Pangani
Wakuu naomba niongezee la kwangu maana hii kitu imenipata.

Ada yangu ya sekondari yote alilipa mjomba, baba alikuwa hana uwezo. Nimemaliza, nimepata kazi, mjomba hajawahi kunidai hata senti na mimi kila sikukuu natuma chochote. Siku moja akaja ofisini, akakaa, akaongea habari za watoto, za mvua, za shamba, mpaka chai ikaisha, ndo akatoa karatasi anataka nimdhamini mkopo kwenye chama cha kuweka na kukopa. Najua kabisa mjomba biashara zake haziendi. Nikaisoma ile karatasi juu mpaka chini, kalamu iko mkononi, na yeye hanitazami, anaangalia dirishani. Nikasaini. Mkopo haukulipwa, nimekatwa mshahara muda mrefu sana, na kwenye harusi ya dada yangu tulikaa meza moja tukala pilau kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mimi nikimuona Ken anakubali bila kuuliza naelewa vizuri sana. Dawa ya deni kulipa, lakini anayepanga dozi ni anayekudai.

#11 Mkaguzi
@Wa Pangani pole sana kiongozi. Na ulichosema kinatupeleka kwa mtu ambaye mleta uzi tu ndiye aliyemtaja, TANNER. Kumbukeni Kilmer alipotaka kumwachia Eiko ile baa hakuwa na hela, alikopa kwa Tanner. Kwa hiyo Tanner anapokuja kuomba mtoto wake akaokolewe, Kilmer naye anaenda kulipa fadhila. Ni mnyororo, Tanner anamvuta Kilmer, Kilmer anamvuta Ken. Na Tanner ndo msaliti, alikuwa anashirikiana na Tono muda wote na akaruhusu rafiki yake awindwe. Mimi naona muvi inazungumzia hili hasa, kwamba watu wenye heshima wanaweza kuendeshwa na mtu mmoja asiye nayo, kwa sababu anajua kitakachowavuta.

Na Kilmer alimuua Tanner KABLA hawajaenda kwa Tono. Ile ndo hesabu yake ya kwanza kuifunga.

#12 Fundi Sakafu
Naona wengi mnaongea kidole kama kidole tu. Mimi nimefanya kendo mwaka mzima kabla goti halijaniangusha, ngoja niwaambie. Kwenye upanga mkono wa kushoto ndo unakaa mwisho kabisa wa mpini na ndo unaofanya kazi. Vidole viwili vya mwisho, kidogo na cha pete, ndo vinabana, hivi vya mbele unaviacha vimelegea. Sensei alikuwa anapita nyuma yetu anakisukuma kile kidole kidogo kwa ncha ya fimbo, ukiwa umekilegeza fimbo ya mianzi inaruka mkononi. Ndo maana yakuza walikuwa wanakata hicho, mtu akikosa kipande pale anashindwa kushika upanga sawasawa, anabaki kumtegemea bosi wake.

Sasa angalia. Ken kwenye lile shambulio la mwisho kamuua Shiro, mtoto wa Goro ambaye ni kaka yake Ken, japo kijana ndiye aliyemvamia na Goro alikuwa kaomba asiguswe. Ken anataka ajitumbue tumbo, Goro anamzuia, basi anakata kidole anampa Goro. Na huyu ni mwalimu wa KENDO, kakata mkate wake wa kila siku. Kilmer ni mtu wa bastola na bunduki, kidole kidogo kwake ni maumivu tu halafu anapanda ndege. Vidole viwili, thamani haifanani hata kidogo.

#13 JembeNaNyundo
@Fundi Sakafu umeniongezea risasi. Hicho ndo ninachosema, Mzungu analipa kwa bei ya punguzo na anapewa heshima kamili.

#14 Nagoya Boy
Hapana, mnapima kitu kisichopimwa. Anayekata hasemi hiki kina thamani gani, aliyepewa ndo anaamua kama anapokea au anakataa. Ken angeweza kusukuma ile leso yenye kidole irudi upande wa pili wa meza. Hakuirudisha.

#15 Mwalimu Chuma
Nimesoma yote, uzi mzuri. Nitoe ya kwangu kuhusu wakati.

Kwanza, mnakumbuka Machi 1974 nini kilitokea? Hiroo Onoda, luteni wa jeshi la Japani, alitoka msituni kisiwa cha Lubang huko Ufilipino baada ya karibu miaka 30, na hakukubali kuweka silaha mpaka mkuu wake wa zamani alipoletwa kumsomea amri. Miaka miwili kabla, Januari 1972, mwenzake Shoichi Yokoi alipatikana Guam. Kwa hiyo Ken wa muvi aliyechelewa kurudi kutoka vitani, watu wa mwaka ule walikuwa wanawasoma wenzake kwenye magazeti. Mjapani kwenye kiti cha sinema aliona mtu wa enzi nyingine anarudi kwenye nchi iliyokwisha kubadilika, imejaa saruji na matangazo ya biashara.

Pili, Wajapani wenyewe wakati huo walishaanza kuchoka na hadithi ya yakuza mwenye heshima. Mwaka mmoja nyuma, 1973, Kinji Fukasaku alitoa muvi iliyotokana na kumbukumbu za jambazi wa kweli wa mkoa wa Hiroshima, na mle ndani hakuna cha wema wala fadhila, ni watu wanasalitiana mtaani, mabosi waoga wanalialia na vijana wanakufa bure. Ilivuma sana. Kwa hiyo Pollack anafika na Takakura wake mpole mwenye upanga wakati wenyewe wameshahamia kwingine. Mimi nadhani ile muvi ni maombolezo, na kidole cha Kilmer ni rambirambi kwa kitu kilichokuwa kinakufa.

#16 Mnairobi
Mwalimu hiyo ya Onoda ni moto, sijawahi kuiunganisha.

#17 Kaka Mdogo
Takakura si ndo yule wa Black Rain na Michael Douglas? Yule polisi wa Osaka anaimba karaoke na Andy Garcia? Yule mzee ni noma, R.I.P., alifariki 2012 kama sikosei.

#18 Mkaguzi
Ndiye, Black Rain ya 1989 ya Ridley Scott. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 83. Na yule adui wa mle ndani, Yusaku Matsuda, alicheza akiwa na kansa na akafa mwaka uleule 1989.

#19 Kaka Mdogo
Dah. Black Rain ni ileile tu lakini, Mmarekani mshenzi anafundishwa adabu na Mjapani mtulivu halafu mwisho wanapeana heshima.

#20 Mwalimu Chuma
Sio ileile. Black Rain mle Mmarekani anajifunza kutokuwa mwizi, basi. Kilmer anafika Japani tayari anazijua taratibu, anaongea lugha, anavua viatu, anakaa kwenye magoti mwili mzito ule. Tatizo lake sio ujinga wa mila. Anazijua mila lakini hajaambiwa ukweli.

#21 Jirani Mwema
Linki bado jamani?

#22 Mzee wa Bohari
Vijana mnaipamba sana hii biashara ya yakuza. Nimekuwa naagiza magari na spea kutoka kule enzi na enzi, wenyewe Wajapani ukiwatajia yakuza wanakunja uso. Ni wanyang'anyi, walikuwa wanakamua wafanyabiashara wa ujenzi, wanakopesha kwa riba ya kuua. Serikali ikatunga sheria ya kuwabana iliyoanza 1992, na ikifika 2011 mikoa yote ikawa na kanuni za kuzuia mwananchi wa kawaida kufanya nao biashara. Akaunti ya benki hapati, nyumba ya kupanga hapati, hata akiacha inabidi asubiri miaka mitano ndo ahesabiwe ametoka. Miaka ya 60 walipita 180,000, sasa polisi wanasema wako chini ya 20,000 na wengi wazee. Waliokatwa vidole wanatafuta vya bandia vya silikoni ili wapate kazi. Heshima gani hiyo ya kuificha kwa silikoni?

#23 Nagoya Boy
Mzee shikamoo. Ni kweli yote uliyosema, hata huku kuna sehemu ukiwa na tatuu bafu la umma huingii. Lakini Ken wa muvi kaacha hiyo biashara, na kilichomrudisha ni deni la mke na mtoto. Hilo deni lingembana hata angekuwa muuza samaki.

#24 BintiMakorora
Nimerudi. Nimeiangalia tena sini ya mwisho, polepole, na nadhani wote tumepita pembeni, na mimi nikiwemo sikuyasikiliza vizuri maneno yake.

Ken yuko upande wa pili anaandaa chai. Kilmer amebaki peke yake mezani, anafanya kimya kimya, mwenyeji hasikii hata mguno. Ken anaingia, anaweka chai, Kilmer anamuomba akae, anasukuma leso iliyokunjwa. Anaomba radhi kwa maumivu makubwa aliyomletea, ya zamani na ya sasa. Halafu anasema kitu ambacho hakuna hapa aliyekitaja, kwamba kama Ken anaweza kumsamehe yeye, basi anaweza kumsamehe Eiko pia.

Mnaona? Kidole hakijakatwa kwa ajili ya deni la wanaume wawili. Kilmer anajua kwamba kwa taratibu za Ken radhi ya namna ile haikataliwi kirahisi. Kwa hiyo anaitumia kumfungulia Eiko mlango. Ametoa kidole ili mke arudi kwa mume wake, na yeye mwenyewe bado anampenda huyo mwanamke. Mimi nilikuwa namchukia Kilmer, sasa namheshimu.

#25 Kisiki Hai
Hapo hoja yangu ya post ya kwanza inayumba lakini haijaanguka. Kama ni kwa ajili ya Eiko basi bado hakuwa ANADAIWA, kajitolea.

#26 Mnairobi
@BintiMakorora zuri sana, lakini si ndo kulekule kumbana mtu? Mara ya kwanza alimbana Ken kwa deni la zamani, mara ya pili anambana kwa kidole. Ken hana nafasi ya kusema hapana mara zote mbili. Na Eiko hajaulizwa kama anataka huyo mume arudi.

#27 BintiMakorora
Hilo la Eiko kutoulizwa nalikubali mia kwa mia.

#28 Fundi Sakafu
Mnamsahau Goro. Siri ya ndoa ameifichua yeye. Hanako amekufa, Goro anamwita Kilmer anamwambia yule ni mke wa Ken na yule alikuwa mtoto wao. Angekaa kimya Kilmer angepanda ndege na mkono mzima na roho safi. Goro ni mshauri wa yakuza, kazi yake yote maishani ni kupatanisha watu na kujua maneno gani yanazaa nini. Mimi nasema alijua kabisa Kilmer akishasikia atafanya nini. Kidole kile kimepangwa na Goro.

#29 Wa Pangani
@Fundi Sakafu duh. Kama mjomba na karatasi yake.

#30 Nagoya Boy
Sikubali. Goro alisema kwa sababu ndugu yake alikuwa anakwenda kufa kwa Tono na hakukuwa na mtu mwingine wa kumsindikiza. Kilmer alistahili kujua anakwenda kupigana pembeni ya nani.

#31 BintiMakorora
Basi Goro kaitoa siri ambayo Eiko kaitunza miaka yote hiyo, tena bila kumwambia mwenyewe. Kama kuna mtu alitakiwa kupiga magoti mbele ya Eiko ni huyo mzee.

#32 Fundi Sakafu
Mzee kapoteza mtoto wake wa kumzaa usiku uleule Binti, Shiro yule mwenye tatuu ya buibui kichwani, na kapokea kidole cha aliyemuua akanyamaza. Unataka na yeye akate?

#33 BintiMakorora
Ndiyo.